Saa Ambayo Sikuisubiri

Jumatatu, 24 Januari 1977

Mvua. Daftari hili lilikuwa la maabara. Limelowa pembeni kwa sababu paa linavuja juu ya kabati, na Daktari Philipo akasema litupwe. Sikulitupa. Kurasa za katikati ni kavu kabisa, na mimi nina mwandiko mzuri usio na pa kukaa.

Basi nijitambulishe, ingawa hakuna atakayesoma: Atusaye, msaidizi wa maabara, mtu wa Rungwe, mwaka wa pili sasa hapa Sumbawanga. Baridi bado inanishinda. Kwetu nako kuna baridi, lakini ya kwetu ina migomba ya kuikinga. Hapa upepo unatoka mbali na haukuti kitu cha kuugonga isipokuwa mimi.

Ijumaa, 28 Januari

Chama kipya kinazaliwa tarehe tano, na kwaya ya wafanyakazi wa serikali itaimba kiwanjani. Mwalimu wa kwaya amenipa mimi mstari wa kuanzisha. Peke yangu, mbele ya mkoa mzima! Karani mmoja wa ardhi amenuna kwa sababu alidhani atapewa yeye. Anune.

Jumatano, 2 Februari

Mvua. Barabara ya Mbeya imekatika tena, dawa hazijafika. Mazoezi hadi saa kumi na mbili.

Jumamosi, 5 Februari

Siku kubwa. Mvua ilitupa nafasi kuanzia adhuhuri, kama vile nayo ilialikwa. Watu walijaa kiwanjani hadi barabarani, wengine wametembea kutoka vijijini tangu alfajiri. Nilianzisha wimbo na sauti haikukatika hata kidogo. Wazee wawili walikuja kunishika mkono. Mmoja akasema sauti yangu ingefaa redioni. Nimerudi chumbani kwangu mtaa wa Kizwite nikiwa nimelowa matope hadi magotini na sijali.

Asubuhi kulikuwa na kazi kidogo. Mama mmoja, Ashura, mke wa Abdala mwenye lori na duka pale mjini, alijifungua mtoto wa tano alfajiri na kutokwa damu nyingi. Daktari aliagiza chupa moja. Mume wake amekwama na lori njia ya Mbeya, kwa hiyo aliyekuja kutoa damu ni mtu wa kijiji cha Mollo anaitwa Zenon, mkulima, ana barua ya balozi wake wa nyumba kumi: "Mpokeeni ndugu Zenon." Nikamuuliza kama yeye ni ndugu kweli au ndugu wa mikutano, maana siku hizi kila mtu ni ndugu.

"Ndugu kweli, daktari," akasema. "Tumenyonya ziwa moja."

Kundi O kwa kundi O. Chupa ilitoka saa sita kasorobo nami nikawahi kwaya. Kila kitu kilikwenda vizuri.

Jumatatu, 7 Februari

Ashura amekaa kitandani, amekunywa uji. Kiwango chake cha damu kimefika asilimia hamsini na mbili ya kawaida. Daktari Philipo ameniambia, "Kazi nzuri, dada." Daktari huyu ni mtu wa Kyela na hasifu ovyo.

Jumanne, 8 Februari

Mvua. Choo kikubwa: minyoo, minyoo, minyoo.

Alhamisi, 10 Februari

Leo nilikwenda wodini kumtoa Ashura damu kidoleni, tukaongea. Ni mama mcheshi, ana mwanya, anamtania mkwe wake Bi Adija hadi yule bibi anaficha kicheko kwenye kanga. Nikamwambia kaka yake Zenon ni mtu mpole.

"Kaka yangu?" akacheka. "Ndiyo, kaka. Mimi baba yangu alikuwa na duka kule Mollo zamani za Mwingereza. Mama alifariki akinizaa. Mama yake Zenon alikuwa na Zenon kifuani. Akanipa mimi ziwa moja na yeye moja. Kwa dini yetu huyo ndugu yangu kabisa, hawezi hata kunioa! Lakini yeye ni Mfipa, Mkatoliki, mimi ni mtoto wa Mmanyema."

Bi Adija akaongeza, "Kila mavuno anatuletea maharage. Hajaruka mwaka."

Nikacheka nao. Kisha nikarudi maabara nikafunga mlango.

Sasa niandike vizuri, maana tarehe tano sikuandika vizuri.

Kundi kulingana si mwisho wa kazi. Unachukua majimaji ya damu ya mgonjwa, unayachanganya na chembe nyekundu za mtoaji, unaweka kichupa kwenye maji yenye joto la mwili. Saa nzima. Kisha unatazama kwa hadubini. Chembe zikitawanyika kila moja kivyake, zinapatana. Zikishikana vijibonge, mgonjwa anazikataa, na ukimpa ataziharibu ndani kwa ndani. Hasa mama aliyezaa mara nyingi, au mtu aliyewahi kuongezwa damu, maana mwili wake umeshaonja damu ya mwingine na umejiwekea silaha. Ashura amezaa watano. Kwenye cheti chake imeandikwa pia kwamba aliongezwa damu Mbeya miaka mitatu iliyopita. Niliisoma.

Siku ile Daktari Philipo aliniambia kwa kinywa chake, "Damu imepungua kutoka. Tuna saa mbili. Fanya kazi kamili." Saa mbili! Sikuhimizwa na mtu. Nilihimizwa na kwaya. Nilichanganya, nikaweka kwenye maji ya joto, nikasubiri dakika kumi, nikatazama, sikuona kitu. Nikaandika kwenye rejista: "Saa moja, joto la mwili, inapatana." Chini nikatia sahihi.

Nilijiambia ni ndugu wa tumbo moja, itapatana tu. Lakini hata ndugu wa tumbo moja hupimwa, nilifundishwa hivyo na nilijibu swali hilo kwenye mtihani. Ziwa moja lilikuwa kisingizio. Nilikipokea kwa mikono miwili.

Lakini yuko mzima. Amecheka leo. Siku tano zimepita. Huenda nahangaika bure.

Jumamosi, 12 Februari

Ashura ana homa. Daktari anasema malaria, amemwanzishia klorokwini. Damu asilimia arobaini na nne. Nimetazama slaidi yake mara tatu nikitafuta malaria. Sijawahi kuitamani malaria namna hii. Hakuna hata kimelea kimoja.

Jumapili, 13 Februari

Macho yake ni ya manjano. Sikuimba kanisani, nikasingizia koo.

Jumatatu, 14 Februari

Mkojo wake umeletwa kwenye chupa ya soda, rangi ya chai iliyochemshwa ikasahauliwa. Damu asilimia thelathini na tatu. Chembe zile zinavunjika.

Sampuli za tarehe tano bado zilikuwa kwenye jokofu. Nikachukua chembe za Zenon, nikachukua majimaji mapya ya Ashura, nikawasha stovu, nikapasha maji, nikaweka kichupa, nikakaa kwenye stuli. Sikwenda popote. Mvua ilikuwa inapiga bati nikashindwa hata kusikia watu mlangoni. Saa nzima ni ndefu kuliko nilivyokumbuka.

Vijibonge. Havikuhitaji hadubini, vilionekana kwa macho matupu.

Ni mimi. Hakuna mwingine wa kumtafuta.

Jumanne, 15 Februari

Nitaandika yote ya leo hata mkono ukichoka.

Saa tatu Daktari Philipo aliingia maabara na koti limelowa. Akasema, "Yule mama anatuponyoka. Mwite yule ndugu yake wa Mollo atoe chupa nyingine. Damu yake tunaijua, inapatana."

Zenon alikuwa ameshafika. Ametembea kutoka Mollo kwenye mvua, kwa sababu alisikia Ashura amezidiwa, na ameshika chupa ya chai yenye uji wa ulezi. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango wangu, amekunja mkono wa shati tayari.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yalikuwa machache: Daktari, sikusubiri saa. Niliyaweka tayari mdomoni. Nikamtazama Daktari, naye ananiamini. Nikaona kibarua kinaota nyasi, nikamwona baba yangu kule Rungwe anayewaambia watu wote binti yake anapima damu. Nami nilijua chupa ya pili ya Zenon ingemuua Ashura kabla ya jioni. Lazima nimzuie. Na mdomo wangu ukazuia kwa njia yake wenyewe.

"Huyu hafai," nikasema. "Nimempima leo. Ana kaswende."

Daktari akaniangalia. "Na tarehe tano?"

"Dawa ya kipimo ilikuwa imekwisha, Daktari."

Uongo wa pili, na ulitoka laini kuliko wa kwanza. Alikasirika, si kwangu, kwa barabara na mvua na dawa zisizofika. Kisha akatoka akamwita Zenon kando ya ukuta. Sikusikia maneno. Nilimwona Zenon anakunjua mkono wa shati polepole, anafunga kifungo cha mkono, halafu anabaki amekishika kile kifungo. Daktari alimpa karatasi ya sindano, na nyingine ya mkewe.

Alipopita mlangoni kwangu akasema, "Asante, daktari." Alinishukuru mimi!

Mchana kutwa nilipima watoaji wengine. Walimu, askari magereza, makarani. Vichupa vinne vinne kwa pamoja, kila kimoja saa nzima kwenye maji ya joto, na saa niliiweka mezani mbele yangu. Kumi na mmoja wa kundi O, wanne vijibonge, wengine hawakufaa kwa mambo mengine. Aliyefaa kabisa ni Sebastiani wa posta, mwembamba kama mti wa simu, lakini alisema, "Toa tu, dada." Chupa yake imeingia saa kumi na moja jioni.

Jumatano, 16 Februari

Asilimia thelathini na nane. Haijashuka. Nimekwenda nyuma ya jiko la hospitali nikalia, muuguzi mmoja akadhani ni moshi.

Ijumaa, 18 Februari

Kuna jambo sikulifikiria. Uongo ukishauachia, unafanya kazi usizoutuma.

Kwa kuwa Zenon "ana kaswende", na damu yake imeingia kwa Ashura, na Ashura ananyonyesha, Daktari ameamuru wote wachomwe penisilini. Ashura na mtoto. Mtoto wa siku kumi na tatu, paja lake halizidi vidole vyangu vitatu. Nilikuwa wodini wakati wa sindano ya kwanza. Alilia mpaka akakosa sauti, akawa anafungua mdomo tu.

Ningeweza kusimamisha ile sindano kwa neno moja. Nilikuwa nimeshika trei.

Jumapili, 20 Februari

Mvua. Asilimia arobaini na moja. Sikwenda kanisani.

Alhamisi, 24 Februari

Saa ya kuona wagonjwa Zenon alikuja. Hospitali nzima wameshajua, nani kawaambia sijui, karatasi zina miguu. Muuguzi wa mlangoni alimwambia asubiri nje. Akasimama chini ya ukingo wa paa, dirishani kwa Ashura, maji yanamchuruzikia begani. Akaita taratibu, "Ashura. Ni mimi."

Ashura alikuwa macho. Akageuza uso ukutani.

Zenon akangoja kidogo. Kisha akaweka ile chupa ya uji kwenye kizingiti cha dirisha akaondoka. Bi Adija akaichukua, akaenda kuimwaga kwenye mtaro. Bi Adija si mtu mbaya. Ninamfahamu sasa, kila siku ananiwekea chapati ndani ya kitambaa, ananiita "mwanangu aliyetuokoa". Nilikula ile chapati leo. Nilikuwa na njaa, nikala, na sijui mtu anayefanya hivyo anaitwaje.

Jumanne, 1 Machi

Mvua. Arobaini na sita.

Jumamosi, 5 Machi

Abdala amefika na lori lake hatimaye, tope hadi kwenye vioo. Alikuja maabara moja kwa moja kunishukuru. Mtu mrefu, hajalala siku nyingi. Akasema, "Mke wangu ameniambia wewe ndiye uliyegundua ule uchafu kwenye damu ya Zenon. Mungu akuweke." Kisha akasema gunia la maharage ya mwaka jana lililobaki dukani amelirudisha Mollo leo hii na lori, ameliacha barabarani.

"Na yeye alisema nini?" nikauliza.

"Hakusema kitu. Alilibeba."

Jumatano, 9 Machi

Muuguzi wa sindano amelalamika kwamba mke wa Zenon, Leokadia, hajaja hata mara moja kuchomwa. Mtu wa Mollo aliyekuwa kwenye foleni akadakia: hatakuja, amerudi kwao Matai tangu wiki mbili zilizopita, kachukua mtoto mdogo. "Kwa ajili ya ule ugonjwa," akasema, na watu kwenye foleni wakacheka.

Nilikuwa natoboa kidole cha mtu. Nikatoboa mara mbili.

Mwezi mzima nimejiambia kwamba nitasema Ashura akipona. Nilijiambia tena akifika arobaini, tena akifika hamsini. Nimekuwa napandisha bei ya ukweli wangu kila asilimia yake inapopanda. Leo ana hamsini na tano. Na mke wa mtu ameondoka nyumbani kwa sababu ya kaswende niliyoitunga mimi nikiwa nimesimama mlangoni.

Ijumaa, 11 Machi

Nimesema.

Niliingia ofisini kwa Daktari Philipo kabla ya raundi, nikaweka rejista mezani, nikaifungua tarehe tano Februari. "Hapa niliandika saa moja," nikasema. "Ilikuwa dakika kumi. Na Zenon hana kaswende. Sikumpima kabisa."

Alisoma ule mstari kwa muda mrefu kuliko urefu wake. Nilitegemea afoke. Hakufoka.

"Kwa nini dakika kumi?"

"Nilikuwa nawahi kwaya."

Akavua miwani. Akaongea Kinyakyusa kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye Kiswahili.

"Ungeniambia siku ile, 'Daktari, haijatimiza saa,' huenda ningesubiri, huenda ningempa damu hivyohivyo. Lakini ningejua cha kutazamia. Siku tatu nimemtibu huyu mama malaria ambayo hana, kwa sababu rejista yako iliniambia damu ni safi. Na mtoto! Nimemchoma mtoto sindano."

"Ndiyo, Daktari."

"Usiniambie ndiyo Daktari." Akafunga rejista. "Ataandikiwa mganga mkuu wa mkoa. Nitaandika nilivyosikia, sitaongeza wala sitapunguza. Funguo za maabara ziache hapo. Na kwa Ashura utakwenda mwenyewe, mimi nitasimama pembeni."

Nilifikiri nikishasema nitakuwa mwepesi. Sikuwa mwepesi, ila nilikuwa sina funguo.

Jumatatu, 14 Machi

Ashura alikuwa anamnyonyesha mtoto. Bi Adija alikuwepo, Abdala alikuwepo, na Daktari Philipo alisimama pembeni. Nikamwamkia Bi Adija shikamoo, akaitikia kwa furaha akanivutia stuli. Sikukaa.

Niliwaambia kwa mpangilio, tangu kwaya hadi penisilini. Abdala alisimama katikati ya maneno akatoka nje, tukasikia anatembea kwenye veranda, anakwenda na kurudi. Bi Adija aliokota kitambaa chake cha chapati akakikunja mara nne, mara nane, mpaka kikawa hakikunjiki tena. Ameacha kuniita mwanangu, na ni haki yake.

Nilipomaliza Ashura akasema, "Mimi ningekufa?"

"Ndiyo, mama. Kwa chupa ya pili ungekufa."

"Chupa ya pili uliizuia."

"Ndiyo. Kwa kumsingizia Zenon."

Akamhamisha mtoto upande wa pili. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti yake ilikuwa kavu. "Nilimgeuzia uso," akasema. "Alisimama kwenye mvua, mimi nikamgeuzia uso. Mama yake alininyonyesha, nikaona hata kumtazama nitaambukizwa."

Nikasema kosa ni langu.

"La kwako ni lako, usinibebee la kwangu," akasema. "Hebu nenda Mollo. Wewe kwanza, kabla ya Abdala, kabla yangu. Nenda kwa miguu, kama alivyokuwa anakuja yeye."

Alhamisi, 17 Machi

Mvua kubwa. Mto umejaa, siwezi kuvuka. Nimekaa chumbani nikipanga maneno ya kumwambia Zenon. Nimeyaandika kwenye karatasi nikaichana, kwa sababu yalikuwa mazuri mno.

Jumamosi, 19 Machi

Nimetoka Mollo. Miguu inaniuma, matope yamekauka kwenye sketi, sijabadili. Niandike kwanza.

Nilimkuta Zenon shambani. Huu ni wakati wa ntumba, yale matuta makubwa ya mviringo ambayo Wafipa wanayatengeneza kwa kufukia majani chini ya udongo, mvua zikielekea mwisho. Njiani nilipita mashamba mengi, na kila shamba lilikuwa na watu kumi, ishirini, wanalima pamoja kwa zamu, pombe imewekwa kwenye kivuli cha kibanda, wanataniana. Huo ndio utaratibu wao: leo kwangu, kesho kwako. Shamba la Zenon lilikuwa na mtu mmoja. Mtungi wa pombe ulikuwa pale, umejaa, umefunikwa. Alikuwa ameipika, na watu hawakuja.

"Shikamoo, kaka Zenon." Tarehe tano Februari sikumwamkia, nilimuuliza maswali tu.

"Marahaba." Akasimama wima, uso ukambadilika. "Ashura?"

"Mzima. Yuko nyumbani tangu jana. Anakusalimu. Atakuja mwenyewe akipata nguvu."

Akafumba macho kidogo. Nikamwambia. Sikutumia neno hata moja kati ya yale niliyoyapanga. Nilisema sikusubiri saa, niliandika uongo, damu yako ikamuumiza Ashura kwa sababu mwili wake hauipokei, nikaogopa, nikasema una kaswende. Hujawahi kuwa nayo. Damu yako ni nzuri, haimfai yeye tu.

Alinisikiliza akitazama jembe.

"Kwa hiyo zile sindano."

"Zilikuwa za bure."

"Ziliuma," akasema. Haikuwa hasira. Alikuwa anakumbuka tu.

Nikamwambia nimeshasema kwa Daktari, nimesema kwa Ashura na watu wake, nitasema kwa balozi wake leo hii na kwenye mkutano wa kijiji wakitaka, nisimame mbele. Na kesho nitatafuta usafiri wa Matai. Nitakwenda kwa Leokadia nimwambie karatasi ile ilikuwa ya uongo. Nikapiga magoti, kwa sababu nilidhani magoti yatasaidia, nikasema, "Nitamrudisha mkeo nyumbani."

"Inuka, utalowa," akasema.

Nikainuka. Akaegemea jembe, akatazama upande wa barabara, akaongea polepole kama wanavyoongea huku. Zamani nilidhani ni uzito wa akili. Sasa naona ni mtu anayepima neno lake saa nzima kabla hajalitoa.

"Siku ile nilirudi na karatasi yako. Leokadia akaniuliza, umeutoa wapi? Nikasema sijui. Nikakaa siku mbili nawaza. Mimi si msomi, daktari. Hospitali wamepima, wameona, nani atasema hawakuona? Basi lazima nimeutoa mahali. Nikatafuta moyoni, nikapata. Mwaka ule tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa nilikwenda Kasanga, ziwani, kununua samaki. Barabara ikakatika, nikakaa huko wiki mbili. Kulikuwa na mwanamke. Nilishamwambia padri, yakaisha, nikayazika. Nikasema, kumbe ndio huo. Nikamwambia Leokadia. Nikamtajia na jina lake."

Nilisikia watu wa shamba la jirani wakiimba wimbo wa kulima.

"Na hilo," nikasema, "hilo la Kasanga ni kweli?"

"Ni kweli. La uongo ni karatasi."

Nilikuja na ukweli wangu nikidhani ni kitu cha kurudisha, kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazima. Leokadia hakuondoka kwa ajili ya ugonjwa. Aliondoka kwa ajili ya jambo lililotokea kweli, ambalo lingebaki limelala mpaka wazeeke wote wawili, kama siku ile ningekaa kwenye stuli dakika hamsini zaidi.

Nikamuuliza basi nifanye nini. Niliuliza kama mtoto, na nikaona aibu nilipojisikia.

"Kwa balozi nenda. Nina binti anaposwa, nataka watu wajue hatuna ugonjwa. Na Ashura mwambie uji ule haukuwa na kitu."

"Na Leokadia? Nitamwambia ukweli wote, kaka, nakuapia."

"Mwambie wako," akasema Zenon. "Wangu nimeshamwambia."

Kisha akainama akaendelea kugeuza udongo, nami nikaenda kumtafuta balozi.